Sauti Kubwa, Maneno Hafifu: Jinsi Chumba Kinavyoamua Usikivu

Watu wengi hudhani kwamba maneno yasiposikika vizuri ukumbini, kasoro iko katika koo la msemaji au katika udhaifu wa mitambo, na kwa hiyo dawa inayokimbiliwa ni kuongeza nguvu ya spika. Dhana hiyo ina ukweli uwanjani, ambako sauti husambaa na kupotea. Lakini ndani ya jengo lenye kuta za saruji, sakafu ya vigae na paa la mabati, sauti inaweza kuwa kubwa kiasi cha kuumiza masikio, na bado waliokaa safu za nyuma wasiweze kurudia sentensi moja ya hotuba. Tofauti hiyo kati ya kusikia sauti na kusikia maneno ndiyo inayoshughulikiwa na akustika ya vyumba, yaani tawi la fizikia na uhandisi linalochunguza jinsi sauti inavyosafiri, inavyorudi na inavyokufa ndani ya nafasi iliyozungukwa na kuta.

Njia mbili za sauti

Sauti husafiri hewani kwa kasi ya takriban mita 343 kwa sekunde pale joto linapokuwa nyuzi 20 za Selsiasi, na kasi hiyo huongezeka kidogo joto linapopanda. Mwalimu anapotamka neno darasani, sehemu ndogo tu ya sauti yake humfikia mwanafunzi kwa njia iliyonyooka kutoka kinywani hadi sikioni. Sehemu iliyobaki hugonga ukuta, dari, sakafu na ubao, na kila inapogonga, nishati yake kiasi hufyonzwa na nyingine hurudishwa chumbani ili ikagonge tena kwingine. Sauti ya moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu, desibeli ikiwa ndiyo kipimo cha ukubwa wa sauti, ilhali ile inayorudishwa na nyuso za chumba hujaa kila pembe kwa kiwango kinachokaribia kuwa sawa. Ndiyo maana katika darasa la kawaida lenye nyuso ngumu, mwanafunzi aliyekaa mita mbili tu kutoka kwa mwalimu huwa tayari anapokea nishati nyingi zaidi kutoka kwenye kuta kuliko kutoka kinywani mwa mwalimu mwenyewe.

Hata hivyo, sauti inayorudi si mbaya daima. Mtafiti wa Kijerumani Helmut Haas, katika majaribio aliyoyafanya mwishoni mwa miaka ya 1940, alionyesha kwamba sauti inayorudi ikiwa imechelewa kwa muda mfupi sana haisikiki kuwa sauti ya pili, bali ubongo huiunganisha na ile ya kwanza, na msikilizaji huendelea kuamini kwamba yote imetoka upande wa msemaji. Kwa maneno yanayosemwa, mpaka unaotumiwa na wataalamu ni milisekunde 50, yaani sehemu 50 kati ya 1,000 za sekunde. Sauti inayorudi kabla ya mpaka huo humsaidia msemaji kwa kuyatia nguvu maneno yake, na inayorudi baada yake humpinga. Uwazi wa matamshi chumbani hupimwa kwa kulinganisha makundi hayo mawili ya nishati: kadiri nishati ya mapema inavyoizidi ile iliyochelewa, ndivyo maneno yanavyosikika kwa ufasaha.

Katika milisekunde 50 sauti husafiri mita 17 hivi, na kutokana na hesabu hiyo inafahamika kwa nini ukuta wa nyuma wa ukumbi mrefu husumbua kuliko kuta za ubavuni. Msikilizaji akiwa na ukuta mgumu ulio zaidi ya mita 8 na nusu nyuma yake, sauti inayompita, ikagonga ukuta huo na kumrudia, huwa imesafiri zaidi ya mita 17 za ziada, na ikiwa bado ina nguvu atalisikia neno mara mbili. Huo ndio mwangwi, yaani marudio ya sauti yanayoweza kutambulika kuwa marudio. Pale ambapo marudio ni mengi mno na yamesongamana hata hayatenganishiki, kinachosikika ni mvumo, yaani mkia wa sauti unaoendelea chumbani baada ya msemaji kunyamaza, na mvumo huo ndio chanzo kikuu cha maneno kutoeleweka katika majengo ya umma.

Mito ya viti iliyozaa kanuni

Kwa karne nyingi wajenzi waliifahamu kero ya mvumo bila ya kuwa na njia ya kuikadiria kabla jengo halijasimama. Mabadiliko yalianza mwaka 1895 katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, ambako jumba jipya la makumbusho ya sanaa la Fogg lilikuwa na ukumbi wa mihadhara ambamo mihadhara haikueleweka, kwa kuwa neno lililotamkwa humo liliendelea kuvuma kwa takriban sekunde 5 na nusu, muda unaomtosha msemaji kutamka maneno mengine zaidi ya kumi juu ya lile la kwanza. Rais wa chuo, Charles Eliot, alimkabidhi tatizo hilo mwalimu kijana wa fizikia aliyeitwa Wallace Clement Sabine.

Sabine hakuwa na chombo cha kielektroniki cha kupimia sauti. Alitumia bomba la kinanda cha upepo lililotoa mlio mmoja usiobadilika, saa ya kurekodia muda na sikio lake mwenyewe: aliuacha mlio ujae chumbani, akaukatiza, kisha akapima muda uliopita hadi sikio liliposhindwa kusikia kitu tena. Kazi ilifanyika usiku wa manane, wakati mji umetulia, na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani wa Sanders, wakaipanga katika ukumbi wa Fogg safu baada ya safu, kisha wakairudisha kabla ya kupambazuka. Kila mito ilipoongezeka, mvumo ulifupika. Usahihi wa vipimo hivyo ulifikia kiwango ambacho Sabine aligundua kwamba hata nguo alizovaa zilibadilisha matokeo, na baada ya kulitambua hilo aliviweka kando vipimo vingi vya awali, akawa anavaa mavazi yaleyale kila alipoingia kazini.

Kutokana na vipimo hivyo Sabine alipata kanuni ambayo bado inatumika duniani kote. Muda wa mvumo, uliokuja kuelezwa kuwa ni muda ambao sauti huchukua kushuka kwa desibeli 60 baada ya chanzo chake kukatizwa, hupatikana kwa kuzidisha ujazo wa chumba, kwa mita za ujazo, mara 0.161, kisha kugawanya kwa jumla ya ufyonzaji wa chumba hicho. Ufyonzaji wa uso mmoja nao ni eneo lake kwa mita za mraba likizidishwa kwa kizigeu cha ufyonzaji, yaani namba iliyo kati ya 0 na 1 inayoonyesha ni sehemu gani ya sauti hairudishwi. Kigezo cha ufyonzaji kamili kilichochaguliwa na Sabine kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa sababu sauti inayotokea dirishani hairudi tena. Ukumbi wa muziki wa Symphony Hall mjini Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 kwa kufuata ushauri wake, ndio wa kwanza duniani kusanifiwa kwa kanuni hiyo, na hadi leo unatajwa miongoni mwa kumbi bora kabisa za muziki.

Hesabu ya darasa moja

Nguvu ya kanuni hiyo huonekana vizuri inapotumiwa katika chumba cha kawaida. Darasa lenye urefu wa mita 9, upana wa mita 7 na kimo cha mita 3 lina ujazo wa mita za ujazo 189, na jumla ya nyuso zake ni mita za mraba 222. Iwapo kuta zimepigwa lipu na kupakwa rangi, sakafu ni ya saruji na dari ni ngumu, kizigeu cha ufyonzaji cha nyuso hizo huwa karibu na 0.03, maana yake ni kwamba sehemu 97 kati ya 100 za sauti hurudishwa. Madirisha yakifungwa na darasa likiwa tupu, kanuni inatoa muda wa mvumo unaozidi sekunde 4. Yakifunguliwa madirisha yenye eneo la mita za mraba 12, mvumo hushuka hadi sekunde 1.7 hivi, na wakiingia wanafunzi 45, ambao kila mmoja kwa mwili na nguo zake hufyonza sauti kama dirisha wazi la mita ya mraba 0.4, mvumo hufikia karibu sekunde 0.8.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 kuhusu kelele, linapendekeza mvumo wa takriban sekunde 0.6 madarasani. Kwa hiyo darasa la mfano huu, hata likiwa limejaa na madirisha yakiwa wazi, bado halijafikia kiwango, na siku ambayo madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua au vumbi hali huwa mbaya zaidi. Lakini hesabu hiyohiyo inaonyesha tiba: mita za mraba 30 za dari, ambazo hata nusu ya dari nzima hazifiki, zikifunikwa kwa nyenzo yenye kizigeu cha 0.7, mvumo wa darasa lile lenye wanafunzi na madirisha wazi hushuka hadi chini ya sekunde 0.6, bila ya kubomoa ukuta wala kununua mtambo wowote.

Umuhimu wa nambari hizo unatokana na umbo la matamshi yenyewe. Irabu hubeba sehemu kubwa ya nguvu ya sauti, ilhali konsonanti, hasa zile kama *s*, *f*, *t* na *k*, ni hafifu na hupita haraka, ingawa ndizo zinazotofautisha maana. Katika Kiswahili silabi nyingi huishia kwa irabu, na hivyo mkia wa irabu moja ndio unaoikuta konsonanti ya silabi inayofuata. Msemaji anayetamka takriban silabi tano kwa sekunde hutumia moja ya tano ya sekunde kwa kila silabi. Katika muda huo, chumba chenye mvumo wa sekunde 0.6 huipunguza irabu iliyopita kwa desibeli 20, lakini chumba chenye mvumo wa sekunde 3 huipunguza kwa desibeli 4 tu. Konsonanti hafifu iliyo chini ya irabu kwa desibeli 10 hivi itachomoza katika chumba cha kwanza, na katika cha pili itafunikwa kabisa. Hapo ndipo *anapata* na *atapata* hukaribia kufanana masikioni, na wakati wa tendo zima hupotea kwa sababu ya konsonanti moja.

Kelele na masikio machanga

Mvumo haufanyi kazi peke yake, kwa kuwa huungana na kelele za nje na za ndani. Mwongozo uliotajwa wa Shirika la Afya Duniani unataka kelele za darasani, mbali na sauti ya mwalimu, zisizidi desibeli 35, na wataalamu wengi hushauri kwamba sauti ya msemaji iizidi kelele kwa angalau desibeli 15. Sauti ya mtu anayezungumza kawaida ni karibu desibeli 60 kwa umbali wa mita moja, kwa hiyo barabara yenye pikipiki na malori, au darasa la jirani lisilotenganishwa kwa ukuta unaofika hadi paani, hutosha kulifuta pengo hilo. Mvua inapoyapiga mabati yasiyo na dari, kila tone hulitikisa bati kama ngozi ya ngoma, na sauti ya mwalimu humezwa kabisa hadi somo linasimama. Dari nzito iliyo na nafasi ya hewa chini ya bati hupunguza kelele hiyo, na pia huufanya ujazo wa chumba kuwa mdogo, jambo ambalo kwa kanuni ya Sabine hufupisha mvumo.

Athari hizo hazimpati kila msikilizaji kwa kiwango kimoja. Mtu mzima anayeifahamu vyema lugha hujaza mapengo kwa kukisia kutokana na muktadha, lakini mtoto, ambaye uwezo wake wa kutenganisha maneno na kelele huendelea kukomaa hadi anapofikia ujana, bado hana akiba ya maneno ya kukisia hivyo. Vivyo hivyo, anayesikiliza katika lugha isiyo yake ya kwanza huhitaji usikivu bora zaidi kuliko mzawa wa lugha hiyo. Katika Afrika Mashariki, ambako mamilioni ya wanafunzi husomeshwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili huku nyumbani wakizungumza lugha nyingine, chumba chenye mvumo mrefu humtwisha mwanafunzi mzigo juu ya mzigo, na kinachodhaniwa kuwa ni uzito wa kuelewa somo huenda chanzo chake kikawa ni silabi ambazo hazikumfikia.

Nyumba za ibada na mtego wa spika

Nyumba za ibada zina ugumu wa pekee, kwa sababu muziki na maneno havihitaji mvumo wa aina moja. Hotuba huhitaji mvumo wa sekunde moja au chini yake, ilhali muziki wa okestra hupendeza katika mvumo wa karibu sekunde 2, na nyimbo za taratibu za kwaya huweza kunufaika na mvumo mrefu zaidi. Kanisa linaloipamba sauti ya kwaya laweza, kwa sababu hiyohiyo, kuyavuruga mahubiri yanayofuata.

Misikiti ya kale ya mwambao wa Afrika Mashariki inaonyesha upande wa pili wa jambo hili. Mingi ilijengwa kwa mawe ya matumbawe ikiwa na paa bapa lililobebwa na boriti na nguzo, kwa hiyo ujazo wake ulikuwa mdogo na mvumo haukupata nafasi ya kurefuka. Kazi kuu ya mihrabu, yaani kile kidaka cha ukutani anachokielekea imamu, kama kilichomo katika msikiti wa Kizimkazi huko Unguja wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, ni kuonyesha upande wa Makka. Lakini uso wake uliopinda huirudisha nyuma sauti ya imamu, ambaye wakati wa sala amewapa waumini mgongo, na sauti hiyo huwafikia mapema kiasi cha kuungana na ile ya kwanza.

Uso uliopinda huwa na faida ukiwa mdogo na karibu, na huwa na madhara ukiwa mkubwa na mbali. Kuba kubwa hukusanya sauti na kuimwaga mahali pamoja, pengine baada ya kuchelewa kwa muda mrefu. Ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, uliofunguliwa mwaka 1871, ulisumbuliwa na mwangwi wa kuba lake kwa karibu miaka 100, mpaka mwaka 1969 yalipotundikwa chini ya kuba hilo maumbo ya duara yanayofanana na uyoga ili kuitawanya sauti kabla haijakusanyika.

Spika zilipoingia katika majengo ya namna hiyo, zilileta matumaini makubwa kuliko uwezo wake. Spika inayomwaga sauti kila upande huongeza sauti ya moja kwa moja na mvumo kwa kiasi kilekile, na uwiano kati ya viwili hivyo, ambao ndio unaoamua uwazi, haubadiliki hata kidogo. Kinachosaidia ni kuielekeza sauti kwa watu, ambao huifyonza, badala ya kuielekeza kwenye kuta na dari, ambazo huirudisha. Kanisa kuu la St Paul's jijini London, ambalo mvumo wake likiwa tupu huzidi sekunde 10, lilipata nafuu mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwekewa spika ndefu za safu, ambazo hutoa sauti iliyobanwa kama ukanda mwembamba unaopita usawa wa wasikilizaji. Zile zilizowekwa mbali na mimbari zilicheleweshwa kwa makusudi, ili sauti ya kila moja imfikie msikilizaji baada kidogo ya ile inayotoka mbele, kwa kufuata tabia ya ubongo aliyoibainisha Haas. Kwa umbali wa mita 34, ucheleweshaji huo ni takriban milisekunde 100, na mitambo ya kidijitali ya sasa huufanya kwa urahisi, mradi fundi aipime nafasi kati ya spika na spika.

Nyenzo zinazofyonza na zinazodhaniwa kufyonza

Nyenzo nyingi za kufyonza sauti hufanya kazi kwa njia moja: hewa inayotikisika huingia katika vinyweleo vyake, husuguana na nyuzi zake, na nishati ya sauti hugeuka kuwa joto dogo lisiloweza kuhisiwa. Kutokana na hilo, nyenzo nzuri ni ile yenye vinyweleo vinavyopitisha hewa na yenye unene wa kutosha. Mkeka mwembamba uliotandikwa sakafuni, au zulia jepesi, hufyonza sauti nyembamba peke yake na kuziacha nzito. Pazia zito la pamba lililokunjwakunjwa na kutengwa na ukuta kwa nafasi ya hewa hufyonza zaidi. Nyuzi za makumbi ya nazi zilizoshindiliwa kuwa paneli nene, godoro la sufi na pamba ya madini nazo zina vinyweleo vinavyofaa. Paa la makuti, kwa unene wake wenye mianya, hufyonza sauti na pia huipokea mvua bila kelele. Jipsamu laini iliyopakwa rangi, ambayo imeenea katika kumbi mpya, huonekana nadhifu lakini huirudisha sauti ya konsonanti karibu yote.

Trei za mayai zinazobandikwa katika kuta za studio nyingi ndogo zinastahili kutajwa peke yake. Karatasi yake ni nyembamba mno kufyonza sauti nzito, na ufyonzaji wake wa sauti nyembamba ni wa wastani, hivyo chumba hubaki na ngurumo ya chini iliyopoteza mng'ao wa juu. Aidha, hazizuii sauti kutoka nje wala kuingia, kwa kuwa kuizuia sauti huhitaji uzito na kuziba mianya, ambayo ni kazi tofauti kabisa na kufyonza, na zaidi ya hayo hushika moto upesi.

Mpangilio wa nyenzo nao una uzito wake. Ukuta ulio nyuma ya msemaji na sehemu ya dari iliyo juu yake hufaa kuachwa vigumu, ili virudishe sauti ya mapema inayosaidia. Ukuta wa nyuma ya wasikilizaji na kingo za dari ndiko nyenzo za kufyonza zinakohitajika zaidi. Kuta mbili ngumu zinazotazamana sambamba huipokezana sauti na kuzaa mwangwi wa harakaharaka, ambao mtu huusikia akipiga kofi moja katika chumba kitupu. Rafu za vitabu, vidaka au ukuta uliopindishwa kidogo hutosha kuuvunja.

Gharama ya hatua hizo hutegemea zaidi wakati zinapochukuliwa kuliko bei ya nyenzo. Kimo cha dari, umbo la paa na umbali wa ukuta wa nyuma hubadilishwa kwa kalamu jengo likiwa bado ni mchoro. Dari ya kufyonza huongezwa kwa gharama ya kadiri jengo likishakamilika. Na spika za kisasa, ambazo ndizo ghali kuliko vyote, hufanikiwa tu pale ambapo chumba chenyewe hakiwapingi wanaozitumia. Kamati ya ujenzi wa shule, msikiti au kanisa inayomtaka msanifu aeleze muda wa mvumo unaokusudiwa, kama inavyomtaka aeleze uimara wa msingi na idadi ya viti, huwa imeuliza swali ambalo jibu lake linapatikana kwa hesabu ya kurasa mbili, na huwa imeliepusha jengo lake na miaka ya kununua spika zinazozidi kuwa kubwa.